Fili ya Tatu

Juma hii nilikuwa kwa papa mumoja anayeandikia watu makaratasi hapa Kalemie. Ordinateri yake, ile kompyuta, aliiunga mwenyewe na vipande vya mashini zingine. Mama mumoja alileta kadi ya telefone iliyokufa. Ndani muna sauti ya mutoto wake wa Manono anayemwambia siku atafika. Papa akaiingiza mu mashini. Mama akavaa kaske mu masikio, akasikiliza, akaitosha.

"Papa, nasikia tu zzzz. Miye nilizaa nyuki?"

Papa akabadilisha kaske. Akapiga mashini kofi. Zzzz.

Mimi, ninayejua kusoma tangu mwaka jana, nikaokota karatasi iliyotoka mu karto, boksi ya kipande kimoja cha mashini, nikasoma kwa sauti: "Mise à la terre obligatoire."

"Mise ni kuweka, terre ni udongo," papa akasema. "Tuishushe."

Tukaibeba kama mugonjwa, tukaiweka chini kwenye simenti. Zzzz! Nikasoma tena, herufi kwa herufi. Karatasi haikubadilika.

Mama akachoka na sisi. Viatu aliviacha mulangoni, maana simenti ilikuwa imetoka kuoshwa. Akavaa kaske, akainama, akashika chuma ya mashini. Kelele ikakufa.

"Siku ya ine!" akalia. "Anafika siku ya ine!"

Alipotosha mukono, zzzz ikarudi.

"Mama, bakia kidogo," papa akamuomba. "Terre njo wewe."

Kumbe karatasi ilisema fili ya tatu, waya ile ya umeme, ifike mu udongo, na papa aliikata kwa sababu prizi yake ya ku ukuta iko na matundu mawili tu. Papa, nunua prizi. Mama wa watu hapana fili.