Ubani Mdomoni mwa Maisara

Dada yangu Maisara amefika umri wa miaka arobaini na sita bila ya mtu kumwona meno akicheka. Kicheko kikimjia, mkono unatangulia na ncha ya mtandio, kisha ndiyo anacheka, mabega yakimtikisika. Meno yake ya mbele yametokeza na moja limekaa upande, na tulipokuwa skuli kuna mtoto alimpa jina ambalo sitaki kuliandika hapa. Nilipigana na mtoto huyo mara mbili. Mara ya pili alinipiga yeye.

Akisoma maulidi tu ndipo husahau. Hapo hufungua kinywa chote, sauti ikatoka nene na safi, kila herufi ya Kiarabu imekaa mahali pake, na wanawake wa mtaani kwetu Ng'ambo hawana habari na meno wala nini. Ameshasomea harusi za watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Wa kwake ni mmoja tu, Ulfat, aliyempata baada ya kuzika wawili, na siku aliyomzaa aliweka nadhiri: mtoto huyu akijaaliwa kuolewa, maulidi yake atayasoma yeye, kwa mdomo wake, mwanzo mpaka mwisho.

Ndiyo maana alipokwenda kuwekwa vyuma vya meno sisi sote tulishangaa. Alituambia daktari ndiye aliyemlazimisha, eti meno ya chini yanaumiza ufizi wa juu. Maneno matupu. Alitaka harusi ya mwanawe imkute na meno yaliyonyooka, lakini upande wa bwana harusi wakaharakisha mambo, na miezi sita tu baadaye harusi ikafika, meno bado yako njiani.

Miezi sita hiyo nyumba nzima iliishi kwa amri ya vyuma. Kwenye mlango wa friji kulibandikwa karatasi ya vitu vilivyokatazwa: barafu, miwa, mahindi ya kuchoma, halwa, kashata. Tulipikiwa boko boko, ngano na nyama iliyopondwa ikalainika, mpaka mimi niliyekuwa napita kusalimia tu nikaichoka. Kila baada ya kula Maisara alijifungia chooni na viburashi vyake, na mashavu yakimchubuka alisukutua maji ya chumvi huku ameugeukia ukuta. Mumewe, shemeji Masoud, hakusema neno. Yeye anashona kofia za mkono, ameketi barazani tangu asubuhi na sindano yake, anazungusha uzi kwenye vitobo vidogo kuliko punje ya mtama, na ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu "nzuri" bila ya kuinua macho. Nilimhesabu kuwa ni mtu asiyejali. Niliwahi hata kumwambia dada hivyo, na akanijibu kuwa afadhali asijali kuliko akamtazama meno.

Siku ya maulidi ya harusi ilikuwa Ijumaa. Watu walialikwa baada ya alasiri. Saa nne asubuhi zikaletwa kashata za njugu kutoka kwa mpishi, na Maisara, mama wa bibi harusi, akasema haziendi mbele ya wageni kabla hazijaonjwa. Nikamwambia nitaonja mimi. Akasema mimi sina ulimi. Akavunja kipande kidogo, akakitia upande wa nyuma, na nikasikia kitu kimelia ndani ya mdomo wake. Akashika shavu.

Waya ulikuwa umechomoka kwenye jino la mwisho. Ncha yake ilisimama kama mwiba wa samaki na kila akitaka kusema ilimchoma shavuni. Nikapiga simu kliniki ya meno hapo Malindi mjini. Daktari yuko Dar es Salaam mpaka Jumanne, lakini muuguzi alinieleza vizuri, taratibu, na kwa subira: asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tuukaushe ule waya kwa pamba, tuusukume ulale kwa kifutio cha penseli kilichooshwa, kisha tuufunike kwa nta ya meno. Asijaribu mtu kuukata, kipande kisije kikamwingia kooni.

Kila kitu tulikuwa nacho ila nta. Kikopo cha Maisara kilikuwa kitupu.

Sasa hapa naomba nisihukumiwe na watu ambao hawakulelewa na mama yetu. Kwetu ubani maka ni dawa ya kila kitu. Kifua kikibana, unarowekwa na kunywewa. Mzazi aliyejifungua anapewa, mwenye kichefuchefu anapewa, mtoto anayelia usiku anafukizwa. Mimi nikautazama ule ubani ndani ya mkebe, mweupe, nikajua kuwa ukitafunwa unalainika, nikasema nta na ubani vina tofauti gani? Maisara akaniuliza kwa jicho kama nina hakika. Nikamwambia, "Dada, ubani haujamdhuru mtu tangu dunia kuumbwa."

Akautafuna kwa upande usioumia mpaka ukawa laini, nikauchukua, nikaubandika juu ya ncha ya waya kwa kidole changu. Akajaribu kusema. Hakuumia. Akasoma mistari miwili kwa sauti ya chini, nzuri kabisa, na mimi nikaanza kujiona mganga.

Nusu saa haijapita ubani ukakaza. Ukashika waya, ukashika na shavu, vyote pamoja. Alipofungua mdomo kumjibu mtu mlangoni, waya ukavutika zaidi, shavu likachanika, na damu ikadondoka juu ya mtandio wake wa harusi. Alikaa juu ya kitanda, akaandika kwenye simu yake na kunionesha: *Mwite Bi Tabia aje asome.*

Bi Tabia ni msomaji mzuri. Sina neno naye. Lakini nilipoyaona maneno yale machozi yalinitoka, maana nadhiri ya miaka ishirini na tatu nilikuwa nimeiharibu mimi kwa kidole changu. Nikamwambia nitaleta koleo niukate waya. Akatikisa kichwa. Nikamwambia basi nimwite mumewe, ana mikono myepesi. Hapo alitikisa kichwa kwa nguvu zaidi, na akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nikatoka barazani kumpigia simu Bi Tabia. Masoud alikuwa pale na kofia yake.

"Nani atasoma?" akauliza, alipoona natafuta namba ya Bi Tabia.

Nikamweleza yote, na ubani, na koleo, nikamwambia dada hataki mtu amtazame. Akachomeka sindano kwenye kofia, akaiweka chini. Akachukua kijisanduku kutoka kwenye mkebe wake wa nyuzi, akaingia ndani moja kwa moja. Nikamfuata na simu yangu mkononi, sijampigia mtu.

Maisara alipomwona aligeukia ukuta.

"Mama Ulfat," akasema Masoud. "Hebu nione."

Akatikisa kichwa.

"Unanificha nini? Mimi meno yako nnayaona miaka ishirini na sita. Ukilala unafungua mdomo."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Maisara alinikata jicho, kisha akamtazama mumewe kwa muda, kama mtu anayepiga hesabu ya usiku wa miaka yote hiyo. Halafu akageuka, akafungua mdomo.

Masoud alinituma mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Alichovya pamba, akaulainisha ubani kidogo kidogo, akiubandua kwa ncha ya kijiti, hana haraka, kama kwamba wageni hawaji. Ulipotoka wote akamsukutulisha maji ya chumvi mara tatu. Akaukausha waya. Mimi nilishika tochi. Akausukuma kwa kifutio, mara moja, mara mbili, ukalala. Kisha akafungua kile kijisanduku, akakata kipande cha nta, akakifinyanga kwa vidole mpaka kikapata joto, akakibandika.

"Nta ya uzi hiyo?" nikamuuliza.

"Ya meno."

Sikuwa na nafasi ya kuuliza zaidi. Maisara alikuwa ameshasimama anatafuta mtandio mwengine.

Alisoma. Shavu lilikuwa limemvimba na alianza kwa kujihadhari, mpaka nikawa natafuna mtandio wangu kwa wasiwasi. Katikati ya ukurasa wa pili akasahau, kama anavyosahau siku zote, na sauti ikajaa chumba na ukumbi. Tulipofika pa kusimama kumsalia Mtume, Ulfat alikuwa analia huku wanja unamteremka, na hakuna aliyemkataza. Dada yangu alisoma mpaka neno la mwisho.

Wageni walipokwisha kuondoka nilimkuta shemeji barazani anakunja mikeka. Nikamsaidia upande mmoja.

"Shemeji, umejifunza wapi kazi ile?"

"Kliniki," akasema. "Siku ile alipowekwa alirudi amelia, akanambia kichwa kinamuuma. Kesho yake nikenda mwenyewe nikamuuliza muuguzi, waya ukitoka nifanyeje. Akanionesha. Nikanunua na nta. Nikawa najaribu kwenye meno yangu, mbele ya kioo cha chooni, yeye akitoka kwenda sokoni."

Nikaacha kukunja. Nilimwona mawazoni, mtu mzima wa miaka hamsini na tano, meno yake hayana kasoro hata moja, amejipaka nta mbele ya kioo.

"Miezi sita yote hii? Mbona hukumwambia?"

Masoud akauchukua ule upande wangu wa mkeka, akaulinganisha na wake.

"Nlikuwa nangoja aniite," akasema. "Leo nikaona nisingoje."