Kofia za Mama wa Meza ya Pili

Mama anayeshona pembeni yangu, mimi pia mushonaji hapa sokoni Masisi, anatengenezea watoto kofia za manyoya laini, zenye vipande vya kufunika masikio. Vidole vyake vinene kama ndizi, lakini mbele yake watoto wanapanga mustari; mbele yangu wanapanga nzi. Akimaliza kofia, anamufunga mutoto kamba kidevuni, anasimama nyuma yake, ananong'ona: “Ng'ombe imeingia mu maharagi.” Mutoto akigeuka, kofia iko sawa, haizibe masikio, maana muchunga ndama lazima asikie. Maigizo, nasemaga kwa nguvu, ili wateja wake wanisikie. Jana binti yangu Murekatete alipita na kofia niliyomushonea mimi. Mama akanong'ona. Mutoto hakugeuka. Mimi njo niligeuka, nikitafuta ng'ombe.