Mawe Yaliyohama Kawetele

Mimi ni mwalimu wa historia, na nikianza jambo silifanyi nusunusu. Nilipoyakuta yale marundo saba ya mawe msituni Kawetele, nyuma ya migomba ya mama, sikumuuliza mtu. Mwalimu mzima nikamuulize nani? Niliyapima kwa kamba, nikayapiga picha, kisha nikayaandika namba kwa rangi nyekundu iliyobaki nilipopaka geti langu. Kwenye daftari niliandika: "Ya kale sana. Waliojenga hawajulikani."

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena kutoka Tukuyu mjini. Rundo namba tatu halipo! Nililikuta ng'ambo ya kijito, kwenye uzio wa mwenyekiti wa kijiji, limepangwa vizuri, namba ikitazama juu. Wiki ya pili ikahama namba tano. Jamani, nywele zilinisimama. Niliandika "mawe yanatembea" na kupigia mstari. Shuleni niliwasimulia wenzangu; mmoja alishauri maombi, mwingine akasema nipunguze kahawa. Nilichukia kweli.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikajibanza nyuma ya mti tangu asubuhi. Saa nne hivi manyunyu yakaanza, na jiwe lenye namba moja likaja likitembea kweli, juu ya ngata, kichwani kwa mama yangu.

Nilipotokeza hakushtuka. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba watu wa barabara wamepita na kuandika namba nyekundu, kama wanavyoziandika nyumba za kubomolewa, na barabara itakata migomba palipo na kaburi la baba. Basi yeye alikuwa anaihamishia barabara hiyo kwa mwenyekiti, kwa kuwa ndiye anayeyapenda sana maendeleo kwenye mikutano.

Nilicheka, nikamwambia namba ni zangu. Mama hakucheka. Alilitua jiwe, akalikalia, akajikanda shingo.

"Haya mawe baba yako aliyatoa shambani kwa mikono, mwaka uliozaliwa," alisema. "Nimeyabeba ili asije akafukuliwa. Kumbe ni wewe."

Aibu ilinishika, nikakosa pa kutazama. Nilichukua ngata yake, na mchana kutwa nikawa narudisha mawe. Mwenyekiti, aliyekuwa ameshaanza kuvunja uzio kupisha barabara, aliniuliza kwa uchungu kama mradi umefutwa. Nilimjibu kwamba umefutwa.

Mama alikaa karibu na kaburi, akinisimamia.

"Hilo kubwa weka chini," alisema. "Ndivyo alivyoliweka yeye."