Lundo la Udongo wa Mama

Shimo la kokoto lilichimbwa kwenye shamba la mama yangu, juu kidogo ya barabara ya Mlola. Mchimbaji alikuwa kaka yangu mkubwa. Mama alikubali kwa sharti moja: udongo wa juu, ule mweusi uliotulisha mahindi na maharage, uondolewe kwanza, uwekwe pembeni, na mawe yakiisha urudishwe mahali pake. Kaka aliapa mbele ya kaburi la baba. Nilikuwepo.

Mama alipotoka Magoma, alikokwenda kwa dada yetu kukimbia baridi, alikuta lundo la udongo huo limeshapandwa majani ya guatemala, yale tunayopanda kwenye matuta ili mvua isichukue udongo. Akawa anayakata kulishia ng'ombe wake. Shamba langu limelala tu, alikuwa akisema, litaamka. Mwaka wa mwisho alilalamika kwamba majani yamekonda. Nikamwambia ni jua.

Mawe yalipoisha akaja mkaguzi wa madini, mama wa makamo mwenye buti za mpira na faili kwapani. Hakuwa mtu wa mchezo. Alipima miteremko ya shimo, akaamuru ukingo mmoja ulazwe zaidi usije ukaporomoka, akakagua miche ya migrivea, miti iliyopandwa kuzunguka shimo, mmoja mmoja. Kisha akasimama mbele ya lundo.

"Huu udongo utatosha kufunika shimo lote?"

"Utatosha na kubaki," kaka akajibu.

Mkaguzi akanigeukia. Mimi ndiye niliyetakiwa kusaini kwa niaba ya familia, kwa kuwa Mama hajui kusoma. "Na wewe, mwalimu, umechimba ukauona mwenyewe?"

Mkononi nilikuwa na jembe. Mama alinipa asubuhi ile bila maelezo, nami nikadhani ni la kuzibulia mfereji. Mapigo mawili tu yangetosha. Lakini kwetu baba akifa, kaka mkubwa ndiye baba. Yeye ameshasema, halafu mimi nichimbe mbele ya mgeni? Ningekuwa nimemwita mwongo hadharani.

"Nimeuona, mama," nikasema, nikasaini. Kaka alinipiga begani, akaniita mdogo wake wa damu. Nilifurahi, mjinga mimi.

Wiki mbili baadaye tukaanza kusambaza udongo. Jembe la kwanza liliingia vizuri. La pili likagonga jiwe. Chini ya majani kulikuwa na udongo wa kimo cha kiganja, na chini yake kifusi kitupu, mawe mabovu na mchanga mwekundu. Vijana waliokuwa wakipakia malori ya kaka wakanieleza huku wakitazama chini. Udongo wetu uliondoka Mama akiwa Magoma, umefunikwa turubai kama kokoto, ukaenda kwenye bustani za hoteli huko Lushoto mjini.

Nilimkuta kaka nyumbani kwake anakunywa chai. Kwa mara ya kwanza maishani sikumpa shikamoo.

"Uliapa kwenye kaburi la baba!"

Akapuliza chai yake. "Mimi niliulizwa kama unatosha. Wewe ndiye uliyeulizwa kama umeuona."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinaweza kukaa kikanywa chai mbele yako. Niliondoka na hasira, na hasira hiyo iliniuma zaidi kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

Mama nilimkuta ukingoni mwa shimo, ameshika konzi ya kile kifusi, anakipepeta kama mchele wenye mawe. Nikamweleza yote. Nikamlaani kaka kwa maneno ambayo mwalimu hafundishi. Mama hakulia wala hakunituliza. Alikung'uta mikono, akaokota mundu wake aende kuomba majani kwa jirani.

"Yule namjua tangu ananyonya," alisema. "Ndiyo maana nilikupa jembe."