Mpaka Chai Ichemke

Mama aliponiambia kwamba kwenye sherehe ya kustaafu kwake hataki kitenge wala saa ya ukutani, anataka nimwimbie, nilijua amenikamata pabaya. Alikuwa amefundisha shule ya msingi tangu kabla sijazaliwa, na Jumapili ya misa yake ya shukrani majirani wote wa Muhumba, mtaa wetu hapa Bukavu, wangekuja kula kwetu. Ningemnyima vipi? Lakini sikuwa nimeimba tangu nilipopasuliwa rovu la shingoni. Zamani nilikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia, nikipanda juu hadi watoto wanageuka kunitazama. Nilitoka hospitali na sauti nene, yenye mikwaruzo, kama ya mwanamume aliyelala nje kwenye baridi. Nikaacha kwaya. Hata nyimbo nilizozoea kutunga jikoni nikiwa naosha vyombo ziliacha kunijia.

“Basi wende Katana kwa tonton yako Bisimwa,” mama akasema, akimaanisha mjomba wangu. “Lulanga ya muzee iko kule. Ukipiga ile, itakusaidia kuimba.”

Lulanga ni ubao mrefu uliochongwa ukaachwa na tumbo la kina kifupi. Juu yake unapita uzi mmoja tu, unaokwenda na kurudi kutoka ncha hii hadi ile, kwa hiyo mgeni hudhani ni nyuzi nyingi. Babu yangu aliipiga, nami sikuwahi kuigusa. Nilikubali haraka, na sababu yangu haikuwa nzuri sana. Nilitumaini mlio wake utaifunika sauti yangu, watu wasisikie.

Jumatatu asubuhi niliondoka na jirani yetu Papa Mugisho, ambaye kamionete yake ilikuwa inapeleka saruji Katana. Nilikaa mbele. Tulipita soko la Mudaka, kabichi zimerundikwa hadi ukingoni mwa barabara, kisha Kavumu, na ziwa likawa linajitokeza upande wa kulia na kupotea tena nyuma ya migomba. Papa Mugisho aliimba njia nzima. Aliimba vibaya, jamani, tena kwa nguvu. Nikashindwa kuvumilia nisimuulize kama aliwahi kuingia kwaya.

“Mimi? Balinikataa!”

“Na bado unaimba?”

“Mu motokari yangu, nani atanifukuza?” Akapiga honi kumwondoa mbuzi barabarani, akarudi kwenye wimbo wake palepale alipouachia.

Mchana tulifika Katana. Tonton Bisimwa ni mdogo wake mama, mkulima wa kahawa, mtu wa vicheko. Mkewe, Maman Nabintu, alinipokea mzigo, akanitazama shingo bila kujificha, kisha akaniwekea bugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Nilipomwomba tonton anifundishe, alicheka mpaka akakohoa.

“Nani alikudanganya? Mimi siko mupigaji. Muzee njo alikuwa mupigaji. Mimi napiga tu kila siku.”

Maneno hayo yalinishangaza. Mtu apige kila siku, miaka yote hiyo, na asiwe mpigaji?

Kesho yake alfajiri nikapata jibu. Maman Nabintu aliweka sufuria ya chai kwenye mbabula, jiko la makaa, au makala kama tunavyoyaita, na tonton akakaa kizingitini na lulanga mapajani. Uzi ulikuwa umelegea kabisa. Kwanza aliguna, mmm, bila kutafuta sauti nzuri, ile tu aliyoamka nayo. Akakaza uzi taratibu mpaka ukakubaliana na mguno wake. Ndipo akaanza wimbo wa ng'ombe wa babu aliyepotea mlimani. Alikosea, akajicheka, akaendelea. Ng'ombe alipokuwa anakaribia mto, Maman Nabintu akaita, “Chai imechemka!” Tonton akanyamaza katikati ya neno, akalegeza uzi, akaenda kunywa chai yake. Baada ya hapo alichukua panga, akashuka kwenye kahawa.

“Ng'ombe alipatikana?” nilimuuliza nikimfuata.

“Sijui mimi! Chai inachemkaka mbele ya kufika mwisho.”

Ndiyo desturi ya nyumba ile. Uzi haulali umekazwa, na kila anayeichukua lulanga anaanza kwa kuguna, kisha anaukaza upya kwa sauti yake ya siku hiyo. Maman Nabintu naye hupiga, siku za Jumapili, akiukaza juu kuliko mumewe. Niliuliza kwa nini wasiuache tu palipo pazuri. Wakatazamana kama vile nimeuliza kwa nini watu wanavua viatu kabla ya kulala.

Asubuhi iliyofuata zamu ilikuwa yangu. Niliona haya kuguna mbele yao. Sauti ya kwaya niliikumbuka vizuri kabisa kichwani, kwa hiyo nikaanza kukaza kuifuata. Uzi ukapanda. Nikakaza tena. Tonton aliinua mkono kunizuia, lakini nilikuwa nimekaribia, nilikuwa karibu kabisa. Ukakatika. Na kwa kuwa uzi ni mmoja, lulanga yote ililegea mara moja, mistari yote ikalala juu ya ubao.

Kwa mara ya kwanza tangu nifike, tonton hakucheka. Uzi ule wa kano za ng'ombe ulisokotwa na babu mwenyewe.

“Ulikuwa unakaza kwa sauti ya nani?” aliuliza.

“Yangu.”

“Hii unasema nayo?”

“Ya zamani.”

Maman Nabintu aliishusha sufuria, akaja kukaa karibu nami. “Mutoto yangu, ile ilibaki mu hopitali. Hii ulikuya nayo, haujaipatia hata kiti.”

Nikalia. Nililia kwa ajili ya uzi wa babu, halafu nikaona nalilia shingo yangu, kwa mara ya kwanza tangu upasuaji. Hawakuninyamazisha. Nilipomaliza, tonton alifunga fundo mahali palipokatika, na siku nzima tukawa tunaupitisha uzi upya, yeye akivuta, mimi nikishikilia. Jumapili ilikuwa inakuja, na sikuwa na wimbo.

Asubuhi iliyofuata niliguna. Mlio uliotoka ulikuwa chini mno, umepasuka katikati, nikatamani kuufuta. Niliufuata hivyo hivyo. Uzi ulikuwa umelegea kiasi kwamba nilidhani hautalia, lakini ulilia, na fundo likawa linatetema pembeni. Nilipiga vibaya. Chai ikachemka. Siku iliyofuata nilipiga vibaya zaidi, ila kuna mstari ulinijia, juu ya chaki. Chai ikachemka. Niliwaka hasira, nikaomba niendelee kidogo, na Maman Nabintu akaninyang'anya lulanga akinicheka. Kutwa nzima nikichambua maharage mstari ule ulinizungukia, na jioni ukawa umemleta mwenzake.

Jumamosi Papa Mugisho alitupitia, tukapanda mimi, tonton na Maman Nabintu, lulanga imefungwa kwenye kitenge changu. Aliimba mpaka Bukavu. Safari hii nilimwitikia.

Jumapili, watu walipomaliza kula, mama aliniita jina. Akina maman wa kwaya walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Nilikaa, nikaguna mbele ya wote, na mmoja wao akacheka chini kwa chini. Woga ulikuwa umeishusha sauti yangu kuliko asubuhi. Nikalegeza uzi. Nikaimba juu ya vumbi la chaki ambalo mama alilipangusa mlangoni kila jioni kabla ya kutukumbatia, ili asituchafue. Ubeti wa pili sauti ilikatika. Nilisubiri irudi, nikaendelea.

Nilipomaliza mama hakupiga makofi. Alikuwa anapangusa mkono wa blauzi yake, ambao haukuwa na kitu.

“Zamani ukiimba, nilikuwa nasikia sauti,” aliniambia. “Leo nimesikia maneno.”

Tonton alituachia lulanga. Alisema atachonga nyingine, kwamba miaka mingi alikuwa anatafuta sababu. Nami nimeleta kutoka Katana jambo hili moja: asubuhi naguna kwanza, nione nimeamka na nini, kisha nakaza uzi kulingana na hicho. Siku nyingi hakuna la maana linalotoka. Chai ikichemka naacha, naenda kazini.

Jana nilikuwa nimekaribia mwisho wa ubeti mpya, nikaona mvuke unatoka jikoni, nikaanza kulegeza. Mama, ambaye siku hizi hana shule ya kuwahi, alichungulia mlangoni.

“Nimepunguza makala,” akasema. “Endelea.”