Usimtwike Mungu Ukuta Mwembamba

Nakumbuka, mwanangu, mwaka tulipojenga bwawa la mchanga kwetu Nuu, ukuta wa kukinga mto ili mchanga utakaojaa nyuma yake uhifadhi maji, nami ni msichana niliyeanza tu kuhesabiwa miongoni mwa wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi. Mawe tuliyabeba kichwani kutoka mlimani hadi mtoni. Mhandisi wa serikali alituchorea ukuta mpana sana chini, unaopungua kadiri unavyopanda. Akatueleza kwamba maji yakijaa husukuma zaidi huku chini, na ukuta ukiongezwa urefu ni lazima kitako nacho kiongezwe unene.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mhandisi alipoondoka, baba alikiangalia kile kitako akaona ni mawe yanayopotea bure.

"Haya tukiyapandisha juu," akasema, "tutapata bwawa refu kuliko la watu wa ng'ambo."

Watu wakapiga makofi. Ni Susu peke yake, nyanya yangu aliyemzaa baba, aliyeuliza mhandisi atasemaje. Baba akamjibu kwamba mhandisi hanywi maji ya huku.

Basi ukuta ukapanda, mrefu na mwembamba. Mvua za Novemba zikaja, mto ukajaa mchana kweupe, sisi tukasimama ukingoni tukiimba. Dada yangu Mwende alikuwa upande wa chini akifungua mbuzi. Ukuta ulipasuka pale kitakoni, ukaanguka mzima mzima. Mwende tulimtoa matopeni akiwa hai, mguu umevunjika vibaya. Hadi leo anachechemea.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi methali hiyo hunikera. Asiyesikia alikuwa baba. Guu lililovunjika ni la Mwende.

Jumapili baba akasimama kanisani, akasema yote ni mapenzi ya Mungu. Watu wakaitikia amina. Susu akainuka polepole kwenye benchi la akina mama.

"Mutua," akamwita mwanawe kwa jina, mbele ya mchungaji na wote, "Mungu alituletea mvua tuliyoomba. Ukuta uliujenga wewe. Usimtwike Mungu wembamba wako."

Baba aliketi. Lakini hakuwahi kumwomba Mwende msamaha, na jambo hilo, mwanangu, sijalimeza hata baada ya kumzika.

Sasa naambiwa kwamba kule Mtito Andei nyumba yako ya kulala wageni unaiongezea ghorofa ya tatu juu ya nguzo zilizopimwa kubeba mbili. Tena umezipaka plasta nene ili zionekane imara. Plasta ni nguo tu. Nguo haimwongezei mtu nguvu za kubeba gunia. Kila tofali unaloweka juu linazilemea nguzo za chini, nazo haziongezeki kwa sababu wewe una haraka. Watakaolala humo ni madereva wa malori, watu waliochoka, wenye watoto nyumbani. Hakuna atakayeuliza nguzo zina unene gani kabla ya kuvua viatu. Wanakuamini, na wewe unaichezea imani yao.

Simamisha kazi. Mwite aliyechora, afanye hesabu upya. Akisema nguzo zinenepeshwe, zinenepeshe. Akisema ubomoe, bomoa, hata majirani wakikucheka.

Mungu akupe moyo wa kubomoa kilicho chembamba kabla hakijabomoa mtu. Na kila atakayelala chini ya paa lako aamke salama, akubariki bila hata kukujua jina.