Spika ya Shangazi Haikuwa Mbovu

Shangazi yangu alitengeneza spika kwa miaka ishirini na sita kabla maabara ya kuchunguza masikio haijamwajiri. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha spika inayopiga sauti mbele ya sikio la majaribio haidanganyi. Mimi nilikuwa chumba cha pili, naandika programu ya kompyuta ya kuonyesha jinsi kiwambo, ule utando mwembamba ndani ya sikio, kinavyotikisika.

Kwa sauti nzito, programu yangu na vipimo vya sikio lile, vilivyopigwa kwa spika ya Shangazi, viliafikiana. Kwa sauti nyembamba, kila kimoja kilishika njia yake. Daktari, mkuu wetu, hakujisumbua kufikiri. Alimwandalia Shangazi karatasi ya kukiri kwamba spika ni mbovu. Fundi mwingine wa kushika nafasi yake alikuwa ameshatafutwa.

"Tia sahihi, mama, yaishe."

"Yaishe nini? Spika hii nimeifungua mara nne, nzima kabisa. Kama hunitaki nifukuze, lakini usiisingizie spika yangu!"

Mimi, mtoto wa kaka yake, nilijitia kusoma skrini. Naona haya mpaka leo.

Shangazi akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Hiki ndicho kiwambo? Mbona bapa kama kifuniko cha sufuria? Cha kweli nimekiona kwenye darubini, kimebonyea katikati kama ile karatasi inayotikisika ndani ya spika. Nani kakinyoosha?"

"Mimi, Shangazi. Ili kompyuta ihesabu haraka."

"Basi haraka yako ndiyo inanitoa kazini. Weka karatasi bapa kwenye spika uone sauti nyembamba zitakavyovurugika. Kibonyeze!"

Nikakibonyeza. Kompyuta ilihesabu siku mbili. Daktari aliniamuru niikatize, anaitaka kompyuta kwa kazi zake. Nikamwambia sikatizi, kama ni kufukuza atufukuze wote wawili. Sikubanduka kitini.

Siku ya tatu, mistari miwili kwenye skrini, wa programu yangu na wa vipimo, ililaliana mpaka sauti nyembamba kabisa.

"Hongereni," Daktari akacheka. "Kumbe tulikuwa karibu."

Shangazi hakucheka. Aliigeuza ile karatasi ya kukiri kosa, akamsukumia na kalamu.

"Andika hapa: spika ilikuwa nzima. Na sahihi yako."

Daktari alitazama mlango, akatazama karatasi, mwisho akaandika. Nilifurahi nikataka kupiga makofi.

Shangazi akachukua kalamu, akanikabidhi.

"Na wewe, mwanangu. Andika nani alikinyoosha, na nani alinyamaza."